Nani huvuta kromosomu: injini au reli?

Vitabu vingi vya biolojia huimaliza anafezi, hatua ya mgawanyiko wa seli ambapo kromosomu hutenganishwa, kwa sentensi moja: nyuzi za spindeli (mtandao wa mirija myembamba iitwayo mikrotubuli) hufupika na kuzivuta kromosomu kuelekea pande mbili za seli. Sentensi hiyo si ya uongo, ila imeliruka swali lililowagawa wanabiolojia kwa miongo mingi. Nguvu ya kuvuta inatoka wapi hasa? Upande mmoja unasema kuna protini injini, yaani dainini na jamii ya kinesini, zinazotembea juu ya mikrotubuli kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huku zimeshika kromosomu. Upande wa pili unasema mikrotubuli zenyewe, yaani reli, ndizo zinazovuta pale zinapobomoka.

Hoja ya reli ndiyo kongwe. Katika miaka ya 1950 Shinya Inoué alithibitisha kwa hadubini kwamba nyuzi za spindeli zipo kweli ndani ya seli hai, wakati baadhi ya wataalamu wakishuku kuwa ni alama tu zinazoachwa na kemikali za kuandalia sampuli. Alipoyawekea kolkisini, kemikali inayozuia mikrotubuli zisijengeke, mayai ya minyoo wa baharini, spindeli ilinywea taratibu na kromosomu zikavutwa kuufuata upande mmoja wa seli. Akajenga hoja kwamba kubomoka kwa nyuzi kunatosha kufanya kazi.

Hoja hiyo ilififia baada ya kinesini kugunduliwa mwaka 1985. Hii ni protini inayopiga hatua za nanomita 8, ikivuta kwa nguvu ya pikonewtoni 5 hadi 7. Mwaka 1990 dainini ilionekana kwenye kinetokori, mahali hasa ambapo kromosomu hushikana na mikrotubuli. Dainini huelekea kwenye ncha ya spindeli, na anafezi inazipeleka kromosomu huko huko. Mtu angetaka nini zaidi?

Alitaka jaribio la kuiondoa hiyo injini na kuangalia kitakachotokea. Tayari mwaka 1988 Koshland, Mitchison na Kirschner walikuwa wameonyesha nje ya seli kwamba kromosomu husogea ikiwa imeshikilia mikrotubuli inayobomoka, hata pasipo ATP. Mwaka 2006 Grishchuk na McIntosh wakafuta jeni za injini zote zinazoelekea kwenye ncha ya spindeli katika hamira ya aina moja, na bado kromosomu zikaenda zinakotakiwa. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio zito kuliko yote katika mjadala huu, kwa sababu halitegemei nadharia ya mtu: injini haipo na safari imefanyika.

Ukiitazama ncha ya mikrotubuli kwa karibu, jambo hili haliwi la ajabu tena. Mikrotubuli kwa kawaida ni mrija wa nyuzi 13 zilizolala sambamba, zilizojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Kila tubulini hujiunga ikiwa imebeba GTP, molekuli ya nishati inayofanana na ATP, kisha GTP hiyo huvunjwa na tubulini hutaka kujipinda, lakini majirani huibana isimame wima. Ncha ikifunguka, nyuzi hubanduka moja moja na kujikunja kwa nje kama pembe za kondoo. Nishati iliyofungiwa wakati wa kujenga ndiyo inayotoka wakati wa kubomoa. Kinachobaki ni kuishika ncha isiyotulia, na hiyo ni kazi ya protini zinazoitwa Ndc80 pamoja na, kwenye hamira, Dam1, inayoweza kuizunguka mikrotubuli kama pete.

Watetezi wa reli hupenda pia kutaja kasi, na hapo ndipo siungani nao. Kromosomu katika anafezi husafiri takriban maikromita moja kwa dakika, ilhali kinesini ikiachwa huru hukaribia maikromita moja kwa sekunde. Wanasema injini ingekuwa inavuta, safari ingekuwa ya haraka zaidi. Lakini hata kama injini ndiyo inayovuta, haiwezi kuifikisha kromosomu kwenye ncha ya spindeli kabla reli iliyo mbele yake haijafupika. Kasi inatuonyesha aliyeshika breki, haituonyeshi anayevuta. Bruce Nicklas alilionyesha hilo mwaka 1983 alipoingiza sindano nyembamba ya kioo ndani ya seli za panzi, akaizuia kromosomu iliyokuwa inasafiri na kupima kiasi ambacho sindano ilipinda. Kromosomu ilisimama nguvu ilipofika karibu pikonewtoni 700, maelfu ya mara zaidi ya kinachohitajika kushinda ukinzani wa majimaji ya seli. Nguvu ipo tele, kutoka popote itokako.

Kuzivua injini heshima yote kungekuwa kosa lingine. Kabla ya anafezi, kromosomu zilizoachwa karibu na ncha ya spindeli husukumwa hadi katikati na kinesini iitwayo CENP-E. Ikikosekana, baadhi hubaki huko. Dainini nayo huondoa kwenye kinetokori protini kama MAD2, zinazoizuia seli isigawanyike mpaka kila kromosomu ishikwe. Kwa hiyo ukiizima dainini na mgawanyiko ukakwama, hujui kama umekosa mvutaji au mtoa ruhusa, na baadhi ya ushahidi wa zamani wa upande wa injini una tatizo hilo hilo. Kisha kuna kinesini-13, inayovuruga kambi zote mbili: kwa ukoo ni injini, lakini haitembei. Kazi yake ni kubomoa ncha za mikrotubuli. Kwa nzi wa matunda, ilionyeshwa mwaka 2004 kwamba mbili za jamii hii hugawana kazi, moja ikibomoa upande wa kromosomu na nyingine upande wa ncha ya spindeli.

Wengine huleta ushahidi wa hospitalini: vinkristini na paklitakseli, zinazogusa tubulini, hutibu saratani, wakati dawa za kuzuia kinesini-5, zilizofuata ugunduzi wa kemikali ya monastroli mwaka 1999, hazijafanya vizuri kiasi hicho. Hoja hiyo ni dhaifu. Kinesini-5 huzitenganisha ncha za spindeli, haizivuti kromosomu, na baadhi ya seli huweza kuiziba nafasi yake kwa kinesini-12.

Mimi naegemea upande wa reli: mvuto mkuu wa anafezi ni wa tubulini, na injini huelekeza, hupanga na kuharakisha ubomoaji. Lakini upande wangu una pengo. Ushahidi wake ulio wazi zaidi umetoka kwenye hamira na kwenye majaribio ya nje ya seli. Kwenye seli ya mnyama ni vigumu kuziondoa injini namna hiyo: ukizima kinesini-5 peke yake, mara nyingi spindeli huishia kuwa na ncha moja, na seli haifiki hata hiyo anafezi tunayobishania.