Mamangu na nikabu yake
Mwandishi mmoja asema asiye na la kuficha hana sababu ya kulalamikia upekuzi kwenye kiwanja cha ndege. Sikubali. Kupita kwenye mashine, kuvua mshipi na viatu, sawa, sote twataka kufika salama. Lakini mamangu, mzee wa Kisauni, safarini aliamriwa avue nikabu mbele ya foleni ya wanaume, ilhali askari wa kike alikuwa hatua chache na kichumba cha pembeni ki wazi! Alilia njia nzima. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chalinda faragha, na cha 24 chataka haki ipunguzwe kisheria tu, tena kwa kiasi. Wenzangu wa Mombasa mnaosafiri na wazee, mkiomba wakaguliwe faraghani, mwasikizwa?