Mimi nachagua msitu

Nimesoma makala inayosema uendeshaji baiskeli wa kweli ni wa lami, na kwamba njia za Karura, msitu ulio jijini Nairobi, ni za matembezi ya familia. Sikubaliani. Mlima wa lami wa kwenda Tigoni, karibu na Limuru, naupenda: unapita mashamba ya chai, na ukifika Limuru uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mapafu yanafanya kazi kwelikweli. Lakini safari nzima sikio liko nyuma, linasikiliza matatu inayotaka kupita bila kukuachia hata nusu mita.

Karura macho yako mbele. Mvua ikishanyesha, udongo mwekundu unateleza na mizizi inang'aa. Ukibana breki ya mbele kwenye kona, umeanguka. Inabidi upunguze upepo kidogo kwenye tairi, uinuke kwenye kiti, uzito uurudishe nyuma. Huo ni ufundi, nguvu za miguu peke yake hazikuvushi. Makutano yana namba, hata mgeni hapotei. Watembea kwa miguu wapo pia, na baadhi yetu tunawapita kwa kasi bila hata salamu. Hilo linaniudhi sana.

Tena tukumbuke mwaka 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipigwa akijaribu kupanda mti pale. Bila wapiganaji kama yeye, zile zaidi ya hekta 1,000 zingegawanywa viwanja.

Anayependa lami naye ajengewe njia iliyotengwa na magari. Hilo nitalipigia debe pamoja naye.