Mchango Usiishie Mlangoni mwa Thieta

Mtu akianguka na bodaboda hapa Malindi, habari huwafikia jamaa kwenye WhatsApp kabla yeye mwenyewe hajafika hospitali. Jioni hiyohiyo kikundi kinafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, namba ya M-Pesa inapachikwa juu, na majina yanaanza kupangana: fulani mia tano, fulani elfu, fulani "naahidi mwisho wa mwezi inshallah". Nimekuwa mtoaji katika vikundi hivi miaka mingi, kisha nikawa mimi ndiye mchangiwa, na sina neno baya juu yake. Paja langu lina chuma kilichonunuliwa na watu ambao wengine siwajui hata sura.

Neno langu ni juu ya yale yanayofuata. Siku mgonjwa anapotoka thieta salama, anaandikiwa "Alhamdulillah, operesheni imefaulu", watu wanaweka mikono ya dua, na kikundi kinafungwa. Kwa kikundi, mambo yamekwisha. Kwa mgonjwa, ndiyo kwanza yanaanza.

Ajali yenyewe sitaisimulia sana. Ilikuwa njia ya Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, asubuhi ya shule. Lori la chumvi lilikuwa latoka upande wa Gongoni, jingine likataka kulipita, na kijana aliyenibeba akaona ni heri atoke lami. Gurudumu la mbele likazama mchangani. Yeye alivunjika kifundo cha mkono, mimi paja. Yaliyobaki niliyasikia kwa watu.

Wiki za mwanzo nyumba ilijaa. Malindi hatujambo kwa kuzuru mgonjwa. Walikuja walimu wenzangu na wazazi wa watoto wa chekechea, wakaja hata majirani tuliokuwa hatusemezani kwa ajili ya maji ya bomba. Zililetwa halwa, madafu na supu ya makongoro kwa sufuria. (Makongoro nimekunywa hadi basi. Kila mgeni aliapa kwamba ndiyo yanayounga mfupa. Muuguzi aliniambia nile pia samaki, mayai, maharagwe na maziwa, maana mfupa wataka protini na madini ya chokaa (kalisi). Basi nikawa naomba samaki changu wa kupaka badala ya kwato, na wageni wakaona najidekeza.) Kisha wageni wakapungua. Shaabani ilikuwa imeingia, kila nyumba na shughuli zake. Siwalaumu.

Lakini hebu tazama hesabu ya mguu wenyewe. Daktari hutia chuma ndani ya mfupa kwa muda wa saa chache. Mfupa wa paja huhitaji kama miezi 3 hadi 6 kushikana, na hukawia zaidi kwa mvutaji wa sigara au mwenye kisukari. Katika miezi hiyo msuli wa paja unanyauka usiamini ni wako, na goti lisipokunjwa linakakamaa. Chuma kinaunyoosha mfupa tu. Hakikunji goti, hakirudishi msuli, wala hakimfundishi mtu kupanda ngazi. Kazi hiyo yote ni ya fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na fizio si dawa ya kumeza. Ni kwenda, tena na tena, kwa wiki nyingi, ukalazwe kitandani uambiwe uburute kisigino kuelekea makalio huku machozi yakikutoka, uambiwe ukaze msuli wa paja na uhesabu, kisha urudi nyumbani ukafanye hayohayo peke yako.

Nilijifunza huko mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye kikundi chochote cha mchango. Magongo huegemewa kwa viganja, wala si kwa kwapa, kwa sababu kwapani mna mishipa ya fahamu na ukiibana kwa muda mkono unaweza kufa ganzi. Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Na gongo la mbao lenye ncha ya mpira, ambalo kwenye sakafu ya hospitali linakwenda vizuri, kwenye mchanga wetu linazama kama kijiti cha mishikaki. Kutoka mlangoni kwangu hadi barabara ya tuktuk palikuwa safari ya kupumzika njiani.

Hapo ndipo nauli inapoingia. Mwenye mguu usiokunjika hawezi kupanda piki, na matatu hataiweza. Anahitaji tuktuk ya kukodi, aketi kwa upande na mguu ulale juu ya kiti, maana yake amelipia nafasi za abiria wenziwe. Anahitaji mtu wa kumshika, na mtu huyo anaacha kazi yake asubuhi nzima. Kuna picha ya eksirei ya kuangalia kama mfupa unashika. Kuna wa kupika na kuteka maji nyumbani ikiwa mgonjwa ni mama. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hailipi tuktuk. Wala haimlipi dadako aliyefunga genge lake ili akusindikize. Na wakati huo mshahara, kwa mwenye kazi ya kibarua, ulikatika siku ileile ya ajali.

Kwa hiyo watu huacha. Nimewaona wakiacha. Pale kwenye chumba cha mazoezi alikuwapo mvuvi mmoja, mcheshi, aliyetufanya tucheke hata tukiwa na maumivu. Alikuja mara kadhaa, kisha hakuja tena. Nilikutana naye sokoni baadaye sana, anatembea bila gongo, na kwa anayemtazama kwa mbali amepona. Ila goti lake halikunji. Hawezi kuingia chomboni wala kuchutama, na kuswali ni juu ya kiti. Sasa anashona nyavu za wenziwe. Operesheni yake ilifaulu, na mchango wake ulijaa. Kilichomshinda ni nauli.

Najua kuna watakaosema: si kuna mkandaji? Mimi nimelelewa kwa mikono ya wakandaji, na kwa mgongo uliochoka au msuli uliokaza siwadharau hata kidogo. Lakini mfupa ambao haujashika si wa kukandwa, na mguu uliovimba baada ya operesheni unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Damu ile ikisukumwa ikang'oka, huenda mapafuni na inaua. Shangazi yangu alinikasirikia kwa kumzuia mkandaji mlangoni. Hata hivyo nikikaa nikafikiri, naona kwa nini mkandaji anaishinda hospitali kila siku. Yeye anakuja nyumbani. Hadai tuktuk. Anakunywa chai na wewe, anakuuliza habari za wanao, na akikosa pesa yake leo atachukua Ijumaa. Tukitaka watu waende fizio, tusiwakemee kwa ujinga. Tuwapeleke.

Kuna jambo jingine linalohusu pesa za miezi hiyo mirefu, nalo ni gumu kulisema mbele ya wazee. Ajali ikitokea, wazee wa pande mbili hukaa, husema ni qadar, kijana anaomba radhi, watu wanasomeana dua, yaishe. Ni desturi nzuri na mimi nimesamehe kwa moyo wangu wote. Mamake yule kijana alikuja na kapu la samaki, akalia, tukalia sote. Lakini kusamehe ni jambo moja na kudai bima ni jingine. Sheria ya Kenya inataka kila piki iwe na bima ya kumlinda mtu mwingine atakayeumia. Bima hiyo ikilipa, kampuni ndiyo inayotoa, haitoki mfukoni mwa maskini wa watu, na kwa mtu mmoja inaweza kufika hadi shilingi milioni 3. Ukichukua abstrakti polisi, ile karatasi ya taarifa ya ajali, na kujaza P3, fomu ya daktari ya kuthibitisha majeraha, hujamtukana mtu yeyote. Muda wa kufungua kesi ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3, kwa hiyo hata aliyelala kitandani mwaka mzima hajachelewa. Mimi bima ya piki iliyonibeba ilikuwa imekwisha, basi maneno yakaishia hapo. Ila nimeona wenye haki wakiambiwa "usimfanyie hivyo mtoto wa mwenzio", wakanyamaza, na leo wanaomba nauli.

Na huyo mtoto wa mwenzio, hakuna aliyemchangia. Hili linanikera hadi leo. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika usukani, hukumu ilikwisha kupita kijiweni. Piki haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri, na hesabu ya kumpelekea kila siku ilimngoja na mkono wake ukiwa kwenye plasta. Tangu mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zenye injini ya chini ya cc 250, vijana wetu wengi wamepata riziki humo. Wengi wao hupanda bila mafunzo, kwa piki ya mtu, na deni la mtu mgongoni. Wakianguka wanakuwa wagonjwa wa hadhi ya pili. Kifundo cha mkono nacho chataka fizio, na mkono usioshika breki sawasawa utamwangusha mwalimu mwingine.

Sasa nije kwenye hili la "kuendelea na maisha", ambalo niliambiwa hata kabla nyuzi hazijatolewa. Watu hulisema kwa wema. Maana yake huwa ni kwamba upande tena bodaboda, uache kuisema ajali, na ukisikia honi ya lori nyuma yako usishtuke. Mimi bado nashtuka. Muda mrefu nilipanda tuktuk na matatu tu, nikaitwa muoga na nikawa maskini zaidi. Kisha shule ikawa ni ileile, njia ni ileile, na kutoka barabarani hadi darasani kuna kipande ambacho tuktuk haipendi. Nimerudi kupanda piki kwa kipande kile. Sikurudi kwa ushujaa wala kwa sababu hofu imeisha. Nimenunua helmeti yangu mwenyewe, kwa kuwa ile ya kijiweni huning'inia kwenye kioo kama pambo, na ukiivaa inanuka jasho la mji mzima. Naibeba hadi darasani. Watoto wanaigombania. Navaa suruali ndani ya buibui na kuketi kwa kutanua, kwa sababu kukaa upande ni kuning'inia, na pindo la buibui likinaswa na mnyororo ni ajali nyingine. Yuko mzee mmoja pale kijiweni ambaye kila akiniona hugeuza uso. Ageuze tu. Sheria inamtaka abiria avae helmeti, na ukikaa hivyo unashika vizuri zaidi.

Sioni kwamba hofu hii ni ugonjwa wa kuondolewa kwa haraka. Aliyelala macho usiku akiisikia tena ile breki, au anayeruka kitandani, asiambiwe awe na imani tu. Imani anayo. Apelekwe pia azungumze na mtaalamu, na hapo tena tunarudi kwenye nauli.

Ninachokipendekeza si kikubwa. Mchango ukifunguliwa, ugawanywe tangu siku ya kwanza: sehemu ya hospitali, na sehemu isiyoguswa ya miezi inayofuata, ishikwe na mtu mmoja mwaminifu ambaye si mume wala kaka wa mgonjwa. Nasema hivyo kwa sababu pesa iliyo nyumbani huliwa na nyumba. Kikundi kisifungwe hadi mgonjwa atembee bila gongo na goti likunjike. Na asiye na pesa atoe asubuhi yake moja, amsindikize mgonjwa, amshikie gongo akipanda tuktuk.

Nilipolisema hili kwa ami yangu, ambaye amekuwa mweka hazina wa michango isiyo na idadi, alijibu kwamba watu hutoa wakisikia damu, na baada ya mwezi hawatoi hata ukiwaombaje. Ana haki. Ndiyo maana nataka pesa itengwe mapema, wakati damu ingali mbichi. Alinuna kidogo, kisha akaniuliza safu ya nauli aiandike wapi kwenye daftari lake, kwani lina safu ya jina, ya kiasi na ya ahadi tu. Nikamwambia apige mstari mwingine.

Sasa hivi kuna kijana wa Barani ameumia muundi, ametoka hospitali wiki iliyopita. Fizio ni Jumatatu na Alhamisi. Mimi Alhamisi natoka shule mapema, nimeichukua. Jumatatu bado haina mtu.