Mnaotaka kuja Ulaya kuwa modo wa mazoezi, someni kwanza

Kila nikiposti picha lazima wadogo zangu wa Mwanza wajae inboksi, bro nitumie unga wa protini, bro nifanyie konekshen nije huko na mimi niwe modo. Leo nawajibu wote kwa mpigo maana nimechoka kuandika mmoja mmoja.

Mimi niko Köln, Ujerumani, mji wenye yale maonyesho makubwa ya mazoezi, FIBO, kila mwezi wa nne, kwahiyo kama kuna mahali modo angetajirika ni hapa. Lakini wengi ninaojuana nao kodi ya nyumba haitoki kwenye picha, inatoka kwenye kufundisha watu jimu tangu alfajiri, wengine wanapanga mizigo godauni usiku. Picha ni tangazo la kuleta wateja, basi.

Na hizo picha mnazozipenda, siku kadhaa kabla umebana chumvi na maji, asubuhi unatafuna vikeki vya mchele na asali ili misuli ijae, unapakwa rangi, unapakwa mafuta, unavuta mpira wa mazoezi nyuma ya pazia mpaka mishipa isimame halafu mpiga picha anaweka taa ya pembeni ili kila mstari wa tumbo uwe na kivuli chake. Ukitoka hapo midomo imekauka, kichwa kinagonga, ngazi tu zinakushinda. Hata hao wa Men's Physique, kundi la wanaoshindana wakiwa na bukta ndefu, lile lililoingia Mr. Olympia, mashindano makubwa ya watunisha misuli, 2013, wanapitia hayo hayo, afadhali wao bukta inaficha mapaja. Sindano za kukuza misuli sizisemi, zipo huku na huko.

Sasa chakula. Huku sangara anauzwa amegandishwa, wanamwita Viktoriabarsch, wa ziwa letu huyo huyo, unaangalia kipande unaangalia bei unakirudisha, halafu wewe upo Kirumba dagaa wanapakuliwa mbele ya macho yako unaniomba mimi kopo la unga! Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini jamani. Weka mayai, maharage, michembe (viazi vitamu vikavu) na karanga kabla ya tizi, umemaliza. Creatine, ule unga wa kuongezea misuli nguvu, sawa inasaidia, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, ila haimgeuzi mtu.

Na pale mwaloni kuna wabeba magunia wana migongo ambayo huku watu wanailipia miaka na hawaipati. Ila mbeba gunia anakula mara moja, halali vizuri, goti likiuma anachuliwa kwa mafuta kesho yake yuko mzigoni tena. Hapo ndipo Ulaya inatuacha mbali, hapa Ujerumani bima ya afya ni lazima kisheria, mtu anaumia anatibiwa anapumzika, ndio maana mwili wake unadumu, wala sio kwamba wana siri yoyote.

Kingine ni karatasi, yaani mkataba. Hapa hata kazi ya nusu siku inaandikwa, picha itatumika wapi, kwa muda gani, unalipwa ngapi. Kuna dogo mmoja wa Igoma, mwili wake nikiuona mimi mwenyewe natamani, kapigwa picha na mwenye duka la nguo akapewa fulana moja na soda, sasa hivi sura yake iko kwenye bango barabarani na hajalipwa hata mia. Huyo hahitaji viza, anahitaji mtu wa kumlipa. Kwahiyo kama kuna mfanyabiashara hapo mjini analipa modo hela taslimu, na sio fulana, dondosheni namba yake kwenye komenti nimpelekee dogo.