Majeraha ya Pombe kwa Vijana wa Kilimanjaro: Kufunga Vilabu au Kuzungumza na Wanywaji?

Katika vijiji vya Rombo, Marangu na Kibosho, na hata katika kata za pembezoni mwa mji wa Moshi, mjadala kuhusu vijana na pombe huishia kwenye kambi mbili. Kambi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye sauti kubwa kwenye mikutano ya kijiji, inataka vilabu vifungwe mapema, gongo (pombe kali haramu) imwagwe na wakaidi watozwe faini. Kambi ya pili ina watu wachache zaidi, wengi wao wahudumu wa afya, nayo inasema kijana anayekunywa akalishwe chini na kuzungumziwa kabla hajaumia tena. Ninachotaka kupima ni upande upi unapunguza majeraha yenyewe, kwa kuwa kupunguza ulevi na kupunguza majeraha ni malengo yanayokaribiana lakini hayalingani.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019, na 724,000 kati yake vilitokana na majeraha: ajali za barabarani, kujidhuru, ugomvi. Waliokufa kwa namna hiyo hawakuhitaji miaka 20 ya kunywa hadi ini lioze. Usiku mmoja ulitosha. Ndiyo maana vijana wamo kwa wingi, hata wale ambao hakuna jirani ambaye angewaita walevi.

Hoja ya udhibiti ina mizizi imara kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaanza kutumika baada ya kuridhiwa na halmashauri ya wilaya, hivyo kijiji kinachopanga saa ya kufunga vilabu hakiombi fadhila ya mtu. Mfano wa kitaifa upo pia. Tarehe 1 Machi 2017 marufuku ya viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, ilianza kutekelezwa nchini Tanzania, na ingawa serikali ilitumia kanuni za mazingira kwa sababu ya vifuko vilivyotapakaa mitaroni, ubaya mwingine ulikuwa wazi: kiroba kilikuwa rahisi kwa bei, kiliingia mfukoni mwa sare ya shule, na dereva wa bodaboda aliweza kukimaliza kijiweni huku akisubiri abiria. Baada ya marufuku, vifuko hivyo viliadimika kwenye maduka bila mnywaji yeyote kuhubiriwa. Kwa upande wangu, huo ni ushahidi kwamba bei na ukubwa wa kifungashio vina nguvu kuliko mawaidha, ijapokuwa pombe kali ilirudi mapema katika chupa ndogo za plastiki.

Udhaifu wa kambi hii unaanzia pale sheria ndogo inapokabidhiwa kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wenye fimbo. Kilabu kikivamiwa usiku, kijana hukimbilia kwenye migomba, huruka mfereji, au huwasha pikipiki bila taa na kuteremka barabara ya mlimani yenye kona na changarawe. Majeraha mengine basi huzaliwa na operesheni yenyewe, na sijui kijiji kinachoyaandika kama gharama ya operesheni. Kenya nayo ina funzo lake. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwataka wabunge wa eneo la Kati waongoze msako wa pombe haramu. Mapipa yalimwagwa na mabaa yakavunjwa mbele ya umati. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa huko huko, katika kaunti ya Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Msako uliwaondoa wauzaji waliokuwa wakionekana, lakini biashara ikaendelea mafichoni, ambako hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa.

Kambi ya mazungumzo ina mfano wake hapo hapo Moshi. Hospitali ya KCMC, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, imekuwa ikijaribu mpango unaoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Majeruhi aliyefika idara ya dharura huulizwa maswali 10 ya AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani: unakunywa mara ngapi, glasi ngapi kwa siku moja, umewahi kushindwa kukumbuka yaliyotokea jana yake. Akionekana yumo hatarini, muuguzi aliyefunzwa huketi naye akiwa ametulia na kuzungumza naye muda mfupi, bila kumkaripia, wakitazama pamoja uhusiano wa pombe na mguu uliovunjika, kisha mgonjwa mwenyewe hutaja atakachobadilisha. Akisharudi nyumbani, hufuatiliwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Uzuri wa njia hii ni kwamba inamkuta mtu akiwa na sababu ya kusikiliza, jambo ambalo mhubiri wa Jumapili hana uhakika nalo.

Hata hivyo, mpango huo uliwalenga watu wa miaka 18 na kuendelea, tena waliofika hospitali wakiwa hai. Mvulana wa miaka 16 hakuguswa, na huko mlimani sheria ya umri wa kunywa haimgusi sana pia, kwa sababu kibuyu cha kwanza cha mbege, pombe ya ndizi, mara nyingi alipewa nyumbani, kwenye kipaimara au kikao cha ukoo, na mjomba wake mwenyewe. Desemba, watu wa Dar es Salaam wanaporudi kula Krismasi, sherehe hufuatana nyumba hadi nyumba na pikipiki moja hubeba watu watatu. Sheria ndogo inayotaja vilabu peke yake haiufikii msimu huo hata kidogo.

Kuna mtu ambaye kambi zote mbili zinampita: mama anayepika mbege. Anachemsha ndizi, anasubiri siku kadhaa, anachanganya na kimea cha ulezi, anatia msesewe (gome chungu la mti), na fedha anayopata ndiyo ada na daftari. Wenye faini wanamwona mhalifu; wahudumu wa afya hawamwoni kabisa. Naye ndiye anayejua nani amekunywa tangu saa nane mchana na nani ameacha pikipiki nje. Akimnyima mteja peke yake, mteja anahamia kwa jirani na deni halilipwi. Wauzaji wote wa kitongoji wakikubaliana saa ya mwisho ya kuuza, na kwamba ufunguo wa pikipiki ubaki kwao mpaka asubuhi, hasara inagawanyika sawa. Makubaliano ya aina hiyo yanahitaji mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa vijiwe vya bodaboda, maana wao wanaweza kumsimamisha kazi mwenzao anayepakia abiria akiwa amelewa, adhabu inayouma kuliko faini.

Kwa hiyo naegemea upande wa udhibiti, ila udhibiti wa saa, ufunguo na barabara, unaoshikwa na watu wanaofahamiana, pamoja na zahanati kuandika kwenye rejista kama jeraha lilihusiana na pombe na lilitokea wapi. Bila maandishi hayo, kila kambi itaendelea kudai ushindi kwa hisia. Kijiji hakiwezi kupanga kodi ya pombe kali wala ukubwa wa chupa. Hayo yanaamuliwa Dodoma, na rejista za zahanati zikikusanywa wilaya nzima ndizo hoja ambayo mbunge anaweza kuipeleka huko wakati wa bajeti.