Ziwa lote lile, mimi napewa namba 11

Hivi mawingu ya Kigoma yananidai nini? Maana sio bure. Jumamosi nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikaangalia simu, simu inasema jua kutwa nzima, nikatoka nje nikaangalia juu, nyota hizo hapo zinametameta, nikasema leo koti la mvua linabaki. Mama watoto akasema chukua koti. Nikamwambia mama, simu inasema jua. Akasema simu haijazaliwa hapa Mwanga. Nikaondoka bila koti, na nyie mshajua kilichotokea ila niacheni nisimulie taratibu maana nina uchungu.

Kisa chenyewe kaleta mpwa wangu, kijana bando anayo kazi hana. Kaangalia huko kwenye simu Waingereza wanavyoshindana kuvua kwa ndoano kwenye mito na mabwawa yao, akaja kijiweni na habari eti mjomba, kule watu wanapiga kura kila mtu anapewa namba yake ya kukaa, filimbi inalia mnavua masaa matano, filimbi inalia tena mnapima, mwenye kilo nyingi ndo mshindi, halafu samaki wote wanarudishwa majini wakiwa hai.

Hapo kwenye kurudishwa kila mtu akaweka kikombe cha kahawa chini.

Kurudisha samaki? Sisi hawa hawa tuliokula maharage 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu mtu unaota migebuka usingizini unaamka unatafuna shuka, leo nimshike samaki kwa mkono wangu mwenyewe halafu nimwambie haya, nenda salama, wasalimie? Mpwa akajitetea, akasema mbona hata wao mito yao huko Uingereza inafungwa, 15 Machi mpaka 15 Juni, na ikifunguliwa bado wanawarudisha. Fundi cherehani akauliza, sasa wanakula nini? Mpwa kimya.

Basi tukakubaliana namba sawa, filimbi sawa, mizani sawa, hayo ya kurudisha kila mtu na moyo wake. Kiingilio elfu tano, zawadi dumu la mawese. Tukafika watu kumi na wawili, mahali Katonga, refa ni mzee mmoja mstaafu wa reli, yule ambaye kila siku lazima akukumbushe Kigoma ndo mwisho wa reli kana kwamba yeye ndo aliigongea msumari wa mwisho.

Vikaratasi vikatiwa kwenye kofia. Nikachota. 11.

Sasa namba 11 ni jiwe. Sio sehemu yenye jiwe, ni jiwe, limechongoka, halina mti, halina kivuli, ukikaa dakika kumi makalio yanaanza kukuuliza maswali. Na namba 12, hatua sita tu kutoka kwangu, ndo pale akina mama wanapooshea masufuria. Mnaelewa maana yake? Kila asubuhi pale yanamwagika makombo ya wali, ukoko wa ugali, visamaki vyote vya upande ule vinajua ratiba. Namba 12 kapewa nani? Muuza chipsi. Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ni kulisha watu, leo tena anapewa hoteli ya samaki.

Saa mbili filimbi ikalia. Nilikuwa nimejipanga, nisidanganye. Mwanzi mpya, mshipi mpya, boya nimelikata mwenyewe kwenye ndala ya zamani ya mama watoto (yeye anadhani imeibiwa na mbwa, naomba iishie hapa), chambo nimekanda ugali na dagaa wa kusaga nikatengeneza vitonge kama vya mtoto. Na wale Waingereza mpwa anasema wana wavu maalumu wa kuwekea samaki wakae hai ndani ya maji, mimi nikachukua ule mfuko mwekundu wa wavu wa vitunguu nikaufunga kamba kwenye jiwe. Ubunifu.

Saa nzima ya kwanza ni jua. Jua la kukuchagua. Kipara changu kinaungua nasikia kabisa kinavyosema chii. Mimi naangalia boya, boya linaniangalia mimi, mwisho sikujua hata boya ni nani kati yetu.

Saa tatu na nusu hivi nikafanikiwa, ngege wa kwanza, saizi ya kiganja. Wa pili. Wa tatu. Nikaanza kupigia hesabu dumu la mawese nitaliweka kona gani. Ndo nikainua macho nikaangalia ng'ambo, milima ya Kongo haipo. Asubuhi ilikuwepo, nimeiona, sasa imefutwa pale, limebaki wingu jeusi tupu linakuja juu ya maji. Nikajisemea hilo la Wakongo, litaishia kwao.

Asee. Lilianza kwa upepo, kofia ikaruka ikatua majini, ikakaa kidogo ikazama. Meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha humu humu ziwani 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini imebeba watu na mizigo miaka na miaka, kofia yangu imezama mita mbili tu tumetafuta mpaka na kijiti haijaonekana. Halafu mawimbi, halafu mvua yenyewe, ile ya matone kama maharage. Sheria inasema ukiacha namba yako umetolewa, na mimi nimetoa elfu tano, siondoki. Nikachukua ndoo nikajifunika kichwani. Nimesahau chambo kiko ndani ya ndoo. Ugali wa dagaa ukateremka shingoni ukapita mgongoni mpaka kwenye suruali, mvua ikaugeuza uji, nimekaa juu ya jiwe nimevaa ndoo nanuka dagaa, na muuza chipsi pale yuko ndani ya koti la mvua hadi magotini ananiuliza, kaka vipi, upo?

Nipo wapi.

Mvua ikakata kama imezimwa swichi. Jua tena, natoa mvuke kama kiazi kilichomenywa cha moto. Nikaenda kwenye kamba yangu niwasalimie ngege wangu, navuta, inakuja kamba peke yake. Nikageuka kushoto, mfuko mwekundu wa vitunguu umetulia miguuni kwa muuza chipsi. Nikamwambia ndugu yangu, hao ni wangu. Akasema una ushahidi gani? Nikasema mfuko ni wangu. Akasema mfuko chukua. Tukaenda kwa refa, refa akafikiri muda mrefu akasema samaki hawana kitambulisho cha NIDA, aliyeletewa na ziwa kaletewa. Sijakata rufaa. Nikate wapi?

Zikabaki dakika arobaini, chambo chote kiko kwenye suruali, nikawa nakikwangua kidogo kidogo navulia hicho hicho. Ziwa lina kina cha mita 1,470, nchi nne zinaligombania, samaki wa kila aina, na mimi dakika ya mwisho nikapata kimoja, kile cha mistari cha kwenye mawe, kirefu kama kidole. Mpwa akafurahi kweli, eti mjomba hicho Ulaya wanakiweka kwenye tangi la kioo sebuleni wanakiangalia! Nikamwambia niitie huyo wa Ulaya aje akipime yeye.

Kwenye mizani sasa. Ni ile ya kuning'iniza, ya ndoano, ya kupimia nyama. Muuza chipsi kilo nne na robo, ndani yake kuna kuhe mmoja hivi wa haja, na ngege wangu watatu wananiangalia. Fundi cherehani kilo mbili na nusu. Nikatundika cha kwangu. Mshale haukushtuka. Refa akavaa miwani, akagonga kioo cha mizani, hola. Mara ukaja upepo ukayumbisha kitu kizima, mshale ukaruka mpaka robo kilo, nikapiga kelele andika hiyo, andika hiyo! Akasubiri upepo utulie. Muda wote ule hajasubiri chochote, kwangu akasubiri. Akaandika sifuri.

Kile kisamaki kilikuwa bado kinapumua. Sasa nikipeleke wapi, nipande bodaboda na kisamaki kama kalamu? Nikakiachia, kikaondoka bila hata kuaga. Mpwa akapiga makofi, mjomba peke yako ndo umefuata sheria za Kiingereza.

Nafika nyumbani jua linawaka hakuna hata wingu la kusingizia, nimelowa, nanuka, mama watoto yuko jikoni, nyanya na kitunguu vimeshaiva kwenye mawese, ugali umefunikwa. Hakuuliza habari ya koti. Akanyoosha tu bakuli.

"Samaki?"

"Nimemrudisha."

"Umemrudisha kwa nani?"