Wosha Zilizopanda Kosta

Kombi haina rejeta. Nalisema mapema kwa sababu siku ile, kwenye kona moja chini ya mji mdogo wa Soni, njia ya kupanda Lushoto, nililisema mara kumi na moja kwa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyeniamini.

Kombi yangu ni Volkswagen ya 1976, injini 1600 inayopozwa kwa hewa, imekaa nyuma. Ndani ina kitanda cha kukunja, jiko la gesi la plati mbili, sinki la kunawia mkono mmoja mmoja, na paa linaloinuka na turubai lake. Tulipanga kupiga kambi Lushoto siku tatu. Mke wangu na watoto walitangulia kwa basi. Mama mkwe akasema basi linamkata kiuno, yeye atakwenda na mkwe wake kwenye "nyumba yenye magurudumu". Ukiambiwa hivyo na mama mkwe hujibu kitu. Unafagia gari.

Nikafagia, na injini nikaihudumia mwenyewe asubuhi ya kuamkia safari. Tapeti kwanza, yaani nafasi za valvu, injini ikiwa baridi kabisa, na baridi kabisa maana yake gari limelala usiku kucha, si kwamba umekwenda kunywa chai ukarudi. Zote nane niliziseti milimita 0.15. Kisha oili, lita mbili na nusu tu. Injini hii haina filta ya karatasi, ina chujio la wavu chini ya kifuniko chenye nati sita ndogo. Zile nati zikaze kwa adabu, maana ukizikaza kwa hasira unang'oa vijiti vyake kwenye aloi ya magnesiamu, na oili yote inabaki barazani kwako. Mwisho nikafunga mkanda mpya wa feni. Ule wa zamani, mzima ila umechoka, nikautupa kwenye sanduku chini ya kitanda uwe akiba.

Huu mkanda ndio kesi yenyewe, kwa hiyo tuelewane. Puli ya dainamo kwenye Kombi imegawanyika nusu mbili, kama visahani viwili vilivyopeana migongo. Katikati yake unapanga wosha nyembamba. Ukizidisha wosha katikati, nusu zinaachana, mkanda unazama ndani na kulegea. Ukizipunguza, nusu zinasogeleana, mkanda unapanda juu na kukaza. Zile ulizozitoa hazitupwi wala haziwekwi mfukoni: zinavishwa upande wa nje wa puli, chini ya nati, zikae hapo zikisubiri zamu yao. Zangu zilikuwa kumi, saba kati na tatu nje. Ukibonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli ya juu na ya chini unatakiwa kubonyea kama milimita 15. Wangu ulibonyea hivyo hivyo. Niliupima kwa rula, tena mbele ya jirani.

Lakini mkanda mpya hunyooka. Ukitembea kilomita mia ya kwanza unasimama, unafungua mlango wa injini, unaubonyeza tena. Kutoka Dar, kilomita mia ya kwanza inakuishia Chalinze. Na Chalinze nilisimama kweli, nikala mahindi ya kuchoma mawili.

Mombo tuliingia saa saba mchana, tukakunja kuanza ile kilomita 33 ya kupanda milima ya Usambara. Nikaweka gia ya pili na kuiacha humo humo. Feni ya Kombi inazungushwa na injini yenyewe: injini ikizunguka kwa kasi, upepo mwingi; ukilazimisha gia ya tatu ili gari litulie, injini inafanya kazi nzito huku feni inasinzia.

"Mkwe, mbona inalia hivi?"

"Inajipepea, mama."

Akanyamaza. Tulipokuwa tunaikaribia Soni akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Na hiyo taa nyekundu?"

"Ya chaji, mama. Haina neno."

"Kama haina neno, mbona wameitia rangi nyekundu?"

Nilicheka kwa heshima. Nimeendesha magari mengi yenye rejeta, na kwenye yale taa ya chaji ikiwaka unaweza kujikongoja hadi kwa fundi ukiwa na betri nzuri. Kwenye Kombi, mkanda unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha feni. Taa ya chaji ikiwaka, uliza kwanza feni inafanya nini. Hakuna kingine kinachoipoza injini ile zaidi ya upepo huo na oili. Mimi hilo nalijua. Nimewafundisha watu. Ila mdomo ulishasema haina neno, na kumrudia mama mkwe kumwambia kwamba neno liko si jambo jepesi.

Dakika tatu baadaye harufu ilinitoa ubishi. Nikaegesha pembeni, nikazima, nikatia gia ya kwanza, nikavuta handibreki na kuweka mawe mawili nyuma ya magurudumu. Nilipofungua mlango wa injini joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu cha pilau.

Watanzania ni watu wema, na wema wao siku ile ulikuja kwa madumu. Lori likasimama, utingo akashuka na lita ishirini za maji akikimbia. "Rejeta iko wapi?" Nikamwambia haina. Akanionea huruma, akaenda mbele mwenyewe, akapapasa uso wa gari akakuta bati tupu. Akarudi nyuma akiwa na uamuzi wake tayari: kama tundu la maji halionekani, atamwagia juu kila mahali. Nikasimama mbele ya injini mikono wazi kama golikipa. Silinda za Kombi ni za chuma cha kusubu, na chuma hicho kikiwa cha moto namna ile ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka. Dawa yake ni kuzima, kufungua mlango na kusubiri.

"Hata punda hupewa maji," alisema mama mkwe, akiwa amekaa juu ya jiwe. Waliokuwepo wote wakaafiki.

Nikamwambia ni kazi ya dakika kumi. Na ni kweli, ikiwa injini imepoa na una spana ya 21. Injini ilitaka dakika arobaini kabla sijaweza kuigusa bila kutaja majina ya watu. Kisha nikachomeka bisibisi nene kwenye kijipengo kilichoko kwenye nusu ya ndani ya puli, ili izuie isizunguke, nikafungua nati, nikavuta nusu ya nje. Mkanda ulikuwa umelegea ukateleza mpaka kingo zake zikang'aa kama kichwa cha bwana harusi, na mahali pamoja umechanika nusu upana. Huo haukazwi tena, unatolewa.

Wosha zote kumi nikazitoa. Zilikuwa na oili, zinateleza, na pale palikuwa mteremko. Ikidondoka moja, ama inatumbukia kwenye mabati ya kufunika injini, ama inarudi Mombo. Nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, nakuomba unishikie hizi. Tafadhali usiziweke chini."

Akazipokea, akazifuta moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake. Hakuziweka chini. Hilo namshuhudia mpaka leo.

Sasa mkanda wa akiba. Mpiga kambi yeyote atakwambia kwamba kitu unachokihitaji kiko chini ya kila kitu ulichopakia. Nilitoa mito, mablanketi, ndoo, unga kilo kumi, jiko la mkaa, kiti cha kukunja, na mkungu wa ndizi ambao sikumbuki niliupakia lini. Kichwa changu kilikuwa ndani ya sanduku la kitanda nilipomsikia mama mkwe anaita.

"Mkwe, mimi naenda!"

Nikadhani anakwenda kichakani kujisitiri. Kuna mambo mkwe haulizi. "Haya mama," nikajibu, bila kutoa kichwa.

Nilipotoka na mkanda mkononi, jiwe lilikuwa tupu. Juu kwenye kona nyingine ya barabara, Kosta ya abiria ilikuwa inamalizia kuonyesha mgongo wake.

Kijana mmoja anayeuza matunda alikuwa amechuchumaa kando ya puli yangu. "Bibi kasema usihangaike. Anakwenda kukutafutia fundi Lushoto."

"Na wosha?"

"Wosha gani?"

Simu ya mama mkwe ilikuwa kwenye kiti cha mbele. Ya kwangu haikuwa na mtandao, mlima umeziba.

Jaribio la kwanza, nilifunga puli bila wosha hata moja. Nusu zikakutana, mkanda ukapanda mpaka ukingoni, ukakaza kama waya wa gitaa. Ukiupiga kwa kidole unatoa noti. Ukiendesha hivyo beringi za dainamo hazifiki mbali. Nikafungua tena.

Kwenye kabati la jikoni palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Wosha za kiwandani zina unene wa kama nusu milimita. Bati la kopo ni jembamba zaidi, kwa hiyo mbili au tatu za kopo zinakwenda kwa moja ya kweli. Maziwa nikayamimina kwenye sufuria, nikamkabidhi yule kijana alinde yasipeperuke. Kopo nikalichana kwa mkasi wa sanduku la huduma ya kwanza, nikalilaza juu ya jiwe, nikaweka nusu ya puli juu yake na kuchora kwa msumari, duara la nje na la ndani. Tundu la kati lazima likae sawasawa kwenye kitovu cha puli, maana likipwaya wosha inakaa upande na puli inacheza ngoma. Kingo nikazisugua kwenye jiwe kuondoa makali, kwa sababu kipande kikijikunja hata kidogo nusu mbili hazilali sawa.

Kumi na sita nilizikata, kwa saa moja na nusu na majeraha matatu. Nikaanza na kumi na mbili katikati. Jambo ambalo wengi hulisahau: unapokaza nati, zungusha injini kidogo kidogo kwa mkono, la sivyo mkanda unabanwa kati ya nusu mbili na unajidanganya kwamba umekaza. Ukabonyea sana. Nikatoa mbili, nikazihamishia nje pamoja na zile nne za akiba, maana utaratibu ni utaratibu hata kama ni wa kopo. Kumi kati, sita nje. Milimita 15, pungufu au zaidi kwa unene wa kucha.

Nilipogeuka kumshukuru kijana, alikuwa mweupe kuanzia puani mpaka kidevuni, na sufuria iko nusu. Sikuwa na neno. Nikamwachia na iliyobaki.

Injini ikawaka, taa nyekundu ikazimika. Safari hii nilisimama baada ya kilomita mbili kubonyeza mkanda, nikasimama tena Soni. Giza likanikuta njiani. Taa zangu za mbele zilikuwa na mwanga wa mishumaa ya sikukuu, lakini ziliniwezesha kuona bodaboda inashuka kwa kasi, imebeba abiria mwenye begi la spana mapajani, anamulika tochi pembeni mwa barabara kama anayetafuta mbuzi. Nikampisha. Na yeye akanipita bila kugeuka. Ametumwa kwenye Kombi iliyokufa. Iliyo hai haimhusu.

Kambini nilifika saa mbili usiku. Nililielekeza gari pua juu, kwa sababu kichwa kikilala chini ya miguu unaamka nacho kizito, nikaweka mawe, nikainua paa. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga blanketi, na kikombe cha chai ya rangi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Fundi gani, mama?"

"Niliyemtuma kwako. Nimempa na vile vyuma vyako."

Wosha zilikuwa zimerudi Soni.

Fundi alitokea saa nne kasoro, mwenye baridi na mwenye hesabu: bodaboda kwenda, bodaboda kurudi, muda, na kitu alichokiita usumbufu. Nililipa chote bila kunung'unika, mama mkwe akisikiliza. Kwa kuwa ameshalipwa akataka na kazi aifanye. Akamulika tochi, akafungua nati, akavuta nusu ya puli, na wosha zangu zikamwagikia kiganjani. Akazitazama kwa muda mrefu. Akachukua moja, akaigeuza polepole, akisoma kwa kuizungusha.

"Bosi," akasema, "hii mbona imeandikwa 'koroga mpaka iyeyuke'?"

Mama mkwe akaitazama chai yake ya rangi. Kisha akanitazama mimi.